Mapenzi katika riwaya na filamu za Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wenye vitabu vya mtihani mkononi, na watazamaji wa tamthilia, na watu wanaotaka kuandika visa vyao wenyewe. Majibu yanahusu kazi za Afrika Mashariki, na za nje pale zilipoingia kwenye sinema na sebule zetu. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililoelezwa kwingine halirudiwi, utaelekezwa liliko.

## Mambo ya kuanzia

Je, tulikuwa na hadithi za mapenzi kabla ya riwaya?

Tulikuwa na mapenzi tele, lakini yalikaa kwenye ushairi, nyimbo na ngano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mashairi ya siasa na ya vita, na akatunga ya mapenzi vilevile. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alibeba nyimbo ambazo watu wa Unguja walikuwa tayari wanazijua kwa moyo, na nyingi zilimzungumzia mpenzi. Visa vya Alfu Lela Ulela navyo vilisimuliwa barazani kabla hata havijachapishwa.

Kilichokosekana ni kisa kirefu kinachowafuata wapenzi wawili tangu kuonana hadi mwisho kwa ajili ya mapenzi yao tu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ndoa ipo: Wagala wanamwoza binti yao kwa sababu wanaitamani mbegu ya shujaa yule. Mtoto anayezaliwa ndiye baadaye anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Ndoa ile ndiyo inayoleta kifo, kwa hiyo ni uti wa mgongo wa kisa kizima, lakini hatuambiwi mke yule alijisikiaje usiku wa harusi wala siku ya mauti. Huzuni hiyo haikuwa na mtu wa kuisimulia.

Utendi wa Mwana Kupona ni hadithi ya mapenzi?

Hapana, ni wosia. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akiwa mgonjwa na akijua hana muda mrefu. Anamweleza kwamba mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Anamfundisha namna ya kuishi na mume, hadi kumpepea anapolala na kutomwamsha kwa ghafla.

Hata hivyo nashauri usomwe kabla ya riwaya yoyote ya mapenzi. Mama wengi wa kwenye riwaya za baadaye wanazungumza kwa sauti ya utendi huu, na binti wengi wanahangaika nao. Usipouona msimamo ule wa kwanza, hutaona ni umbali gani Yasmin, binti wa riwaya ya *Vuta N'kuvute* tutakayoifikia hapa chini, amesafiri.

Kwa kifupi, nini hasa kimebadilika?

Mambo mawili. La kwanza ni kizuizi. Kila hadithi ya mapenzi inahitaji kitu kinachowatenganisha wapenzi. Wakipendana na kuoana siku hiyohiyo hakuna cha kusimulia. Zamani kizuizi kilikuwa mzazi na ukoo. Baada ya uhuru kikawa mji na pesa. Miaka ya 1990 kikawa ugonjwa. Siku hizi mara nyingi wapenzi wanajizuia wenyewe, kwa siri, kwa woga, kwa kutoaminiana. Havikuja kwa foleni, kimoja kikitoka kingine kikiingia. Mzazi mkali bado yumo kwenye tamthilia ya jioni hii.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni hatima ya mwanamke. Msichana anapompenda mtu asiyechaguliwa na wakubwa, au anapokosea, mwandishi anamfanyia nini kwenye kurasa za mwisho? Jibu la swali hilo linakueleza kizazi kizima kuliko maelezo yoyote ya mavazi, simu au magari.

## Riwaya

Kwa nini riwaya za mwanzo zina mapenzi kidogo?

Kwa sababu hazikuandikwa kwa kazi hiyo. Shaaban Robert katika *Kusadikika* (1951) na *Adili na Nduguze* (1952) alishughulika na haki, utawala na tabia njema, na majina ya watu wake ni majina ya sifa zao. Ukitaka kumwona Shaaban akipenda, nenda kwenye mashairi: lile alilomlilia mkewe Amina lina uchungu ambao hadithi zake haziuruhusu kupenya.

Muhammad Said Abdulla naye, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), alitupa mpelelezi Bwana Msa. Kwenye visa vyake mapenzi ni chanzo cha fumbo: ndoa iliyofichwa, mtoto asiyejulikana baba yake, urithi uliopotoshwa. Wapenzi wenyewe tunawaona kwa nyuma, baada ya kila kitu kuharibika, pale Bwana Msa anapofumbua kilichotokea.

Kwa nini *Rosa Mistika* ilizua kelele nyingi hivyo?

Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa shuleni. Baadaye ikawa kitabu cha kusomwa shuleni hukohuko. Kilichowashtua watu ni uwazi wake: mahusiano ya wanafunzi na wakubwa wao, mimba na utoaji mimba, ulevi wa baba.

Lakini kiini cha kitabu kiko mapema, katika tukio dogo. Rosa, msichana wa Ukerewe, anapata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, anampiga vibaya. Hajafanya lolote bado, ameandikiwa tu. Tangu hapo anakua akiwaogopa wavulana, na akifika mbali na fimbo ya baba, hana ndani mwake kitu chochote cha kumwongoza. Kezilahabi anamlaumu mzazi aliyelea kwa hofu, na anamlaumu waziwazi. Wazazi wa 1971 walisoma wakaona wanaume wakubwa wametajwa kwa makosa yao, na hilo nadhani liliuma kuliko kurasa za chumbani.

Mwisho wa Rosa ni kujitoa uhai. Kuhusu maana ya mwisho huo, tazama jibu linalofuata.

Mbona wasichana wa riwaya za zamani walikuwa wakifa?

Kwa muda mrefu msichana aliyependa nje ya ruhusa alitarajiwa kulipa. Malipo yalikuwa kifo, wazimu au ukahaba. Waandishi wengi walimhurumia, na bado wakamwua. Katika *Rosa Mistika* kifo ni mashtaka dhidi ya jamii, nakubali. Ila msomaji wa miaka 16 anayekisoma darasani mara nyingi anaondoka na funzo fupi zaidi: ukipenda, utakufa. Walimu wengi wamelifundisha hivyohivyo, na hapo ndipo kitabu kinaponyang'anywa nguvu yake.

Badiliko naliona katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980). Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo na sifa mbele za watu. Anatoroka, anaangukia kwenye maisha ya baa na pombe, anachakaa. Riwaya ya miaka kumi kabla ingemzika hapo. Hii inampa njia ya kurudi, na anayeporomoka na kuaibika ni baba. Kwangu huu ni mmoja wa uamuzi muhimu kabisa uliowahi kufanywa na mwandishi wa Kiswahili: msichana aliyeanguka aruhusiwe kuinuka akiwa hai.

Pesa iliingia lini kwenye mapenzi?

Ilikuwamo tangu mahari. Kilichotokea baada ya uhuru ni kwamba ilianza kusemwa kwa sauti. *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) inamweka binti aitwaye Bahati kati ya Idi, kijana asiye na kitu, na Mwinyi, mzee tajiri. Wote wana kiu, mmoja ya mapenzi, mwingine ya mali, na kiu hizo zinaingiliana hadi huwezi kusema mtu fulani anataka nini. Soma kitabu hiki halafu sikiliza maneno ya leo, danga, mchepuko, nyumba ndogo, uone kwamba vijana wa mitandaoni hawakuvumbua biashara hiyo.

Kwa nini *Vuta N'kuvute* inapendwa hivi?

Kwa sababu inafanya mambo ambayo kabla yake yalifanyika mojamoja. Riwaya hii ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, lakini kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliye bado mdogo, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamwacha. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili maskini na mwenye moyo mkubwa. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi anayesakwa na askari kwa sababu ya siasa.

Angalia namna vizuizi vinavyopangwa: ndoa ya kulazimishwa, rangi, dini, ukoloni, jela. Halafu angalia mwisho. Denge anakwenda zake uhamishoni, na Yasmin haangamii. Anaolewa na Bukheti, mtu mwingine, anaendelea kuishi. Wasomaji wengi hukasirika: mapenzi makubwa vile yaishie hivi? Mimi naona hapo ndipo Shafi alipokuwa mkweli kuliko waliomtangulia. Mwanamke alipenda, akampoteza aliyempenda, akapenda tena, na hakuna aliyemwadhibu. Urafiki wa Yasmin na Mwajuma nao unadumu kuliko ndoa, jambo ambalo hadithi zetu za mapenzi zimelisahau mara nyingi mno.

Filamu yake iliongozwa na Amil Shivji. Ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania nafasi ya Oscar. Ni filamu ya taratibu, yenye rangi nzito na maneno machache. Aliyesoma kitabu atakosa vichekesho vya Mwajuma, ila atapata Mji Mkongwe wa usiku kama ambavyo kitabu hakiwezi kuuonesha.

Riwaya za "itaendelea" za magazetini zina thamani gani?

Kubwa, na hupuuzwa. Tangu Faraji Katalambulla alipotoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, riwaya pendwa zimesomwa na watu wengi wasiogusa vitabu vya mtihani. Baadaye magazeti ya udaku yakachukua nafasi hiyo. Hadithi za Eric Shigongo zilitoka kipande kwa kipande, na gazeti moja lilizunguka mtaa mzima, kutoka saluni hadi kijiweni. Jina kama *Rais Anampenda Mke Wangu* linakueleza peke yake kizuizi ni kipi.

Umbo la mfululizo lilibadilisha mapenzi yenyewe. Kila wiki lazima kipande kiishie mahali pabaya: mlango unagongwa, simu inaita, mke wa kwanza anatokea. Wapenzi hawapewi nafasi ya kutulia hata aya mbili. Ndiyo sababu visa hivi vimejaa usaliti na kufumaniana. Ni mahitaji ya umbo, na si lazima yawe maoni ya mwandishi kuhusu ndoa.

## Sinema na televisheni

Filamu za Kihindi zilitufundisha nini kuhusu mapenzi?

Zilitupa lugha ya macho, wimbo na machozi. *Awaara* ya Raj Kapoor (1951) ilijaza sinema za Unguja na Dar es Salaam, na nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua neno hata moja la Kihindi. Unguja kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, na kwa bibi nyingi hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kutoka, kuvaa, kulia hadharani na kujadili mapenzi na wenzao njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kwa nini ziliingia sana? Kwa sababu kizuizi chao kilikuwa chetu. Kijana anampenda binti wa tabaka au dini nyingine, wazazi wanakataa, heshima ya ukoo iko mezani. *Bobby* ya mwaka 1973 ilipoonesha vijana wawili wanatoroka pamoja, mtazamaji wa Tanga hakuhitaji mkalimani. Filamu za Marekani za wakati huo zilikuwa na wapenzi wanaoamua peke yao, bila shangazi wala mjomba. Ziliburudisha, ila hazikugusa penye kidonda.

Ebrahim Hussein aliuona ugomvi huo mapema. Katika tamthilia yake *Wakati Ukuta*, Tatu anataka kwenda sinema na kijana wake Swai, na mama hataki kusikia. Sinema ndiyo inayowagombanisha mzazi na mtoto, kwa sababu wote wawili wanajua kinachofundishwa mle ndani.

Bongo Movie ilianzaje, na ilileta jambo gani jipya?

Mizizi ni miwili. Mmoja ni maigizo ya televisheni: baada ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, vikundi kama Kaole vilipata jukwaa, na humo wakatoka Steven Kanumba, Ray na Johari. Mwingine ni kanda za Nigeria zilizofurika mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingine zikioneshwa kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, huku mfasiri kama Lufufu akizitia maneno ya Kiswahili na kuongeza yake. Kanumba alikwenda mbele hadi kuigiza na Mercy Johnson wa Nigeria katika *Dar to Lagos*.

Jambo jipya lilikuwa mahali. Mapenzi yalihamia kwenye jumba lenye geti, gari la kifahari, sofa za ngozi. Watu waliponda wakisema hayo si maisha yetu. Naelewa, lakini ukumbuke wazee walioangalia *Awaara* nao hawakuishi vile. Kasoro iliyonisumbua mimi ni nyingine: mke mwema wa kuvumilia na mwanamke mbaya wa kuvunja nyumba, filamu baada ya filamu, huku mume anayewagombanisha akisamehewa kwa kikohozi na machozi dakika ya mwisho. Kwa kipimo cha hatima ya mwanamke, hapo tulirudi nyuma ya *Utengano*.

Kanumba alifariki 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Umati uliomzika Kinondoni ulionesha kwamba hadithi hizi zilikuwa za watu, penda usipende.

Kwa nini filamu zetu hazioneshi kubusiana?

Sababu moja ni bodi za ukaguzi wa filamu. Sababu kubwa zaidi ni sebule. Filamu inaangaliwa na baba, mkwe, watoto na dada wa kazi kwa pamoja. Mwongozaji anayejua hilo hutumia zawadi, simu ya usiku, mkono unaoshikwa ufukweni. Wengine huona ni udhaifu. Mimi naona ni nidhamu yenye faida: anayenyimwa busu analazimika kuandika mazungumzo mazuri. Shida ni pale anapokosa vyote viwili.

Tamthilia ndefu za siku hizi zina tofauti gani na filamu?

Muda. *Maria* ya Citizen TV, iliyoonyeshwa Kenya kuanzia 2019 hadi 2021, ilianza na kisa kikongwe: msichana wa mtaa wa kimaskini anaingia nyumba ya kitajiri na kupendwa na kijana wa humo. Filamu ya saa moja na nusu ingetaka arusi au msiba. Tamthilia ya mamia ya vipande inabidi imwache akosee, aombe radhi, abadilike, na bado kesho awepo. Hivyohivyo kwa *Huba* na *Jua Kali* upande wa Tanzania. Mhusika mkuu wa kike hawezi kuuawa kwa sababu ya kupenda. Bila yeye hakuna kesho. Biashara ya televisheni imefanya kwa sababu zake kile ambacho riwaya ilikifikia kwa shida.

Tamthilia za Kituruki na za Kifilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili zimeongeza jambo jingine: mwanaume anayelia, anayesubiri, anayeomba msamaha kwa maneno. Kuhusu hilo tazama swali la wanaume hapa chini.

## Wakati wa UKIMWI

UKIMWI ulibadilisha vipi hadithi za mapenzi?

Uliingia katikati ya wapenzi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa *Twende na Wakati*, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake njia nzima, akawa jina la kawaida mitaani. Mkewe Tunu anajifunza kusimama kwa miguu yake. Mkwaju anaugua na kufa. Watafiti waliufuatilia mchezo huu kwa makini: kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi 1995, ili ilinganishwe na sehemu nyingine, na walikosikiliza walionekana kubadili mienendo zaidi.

Kwa hadithi, hii ilikuwa mara adimu mwanaume kuwa ndiye anayelipa. Tamthilia za shuleni kama *Kilio Chetu* na *Orodha* zilirudisha mzigo kwa vijana na kwa ukimya wa wazazi. *Ua la Faraja* ya William Mkufya (2004) ilikwenda mbali zaidi, ikauliza namna ya kupenda na kufarijiana wakati kifo kiko chumbani. Hiyo ndiyo riwaya ninayompa mtu anayedhani fasihi ya UKIMWI ni mabango ya hospitali.

Hasara ipo pia. Kwa miaka mingi wafadhili walilipia visa vya mapenzi vyenye ujumbe wa afya, na mwandishi akazoea kumaliza kwa somo. *Siri ya Mtungi* (2012) ilionesha njia nyingine: ujumbe umo, lakini unamfuata Cheche, mpiga picha mwenye mke na tamaa, kama mtu halisi, na hotuba hazina nafasi.

## Maswali yenye utata

Ndoa za mabinti wadogo kwenye vitabu vya zamani: tuzisomeje leo?

Kwa kujua sheria, kwanza. Usidhani Bwana Raza, yule mume mzee wa Yasmin katika *Vuta N'kuvute*, ni wa miaka ya 1950 tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, mwaka uleule wa *Rosa Mistika*, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kenya iliweka miaka 18 kwenye sheria yake ya 2014. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha *Vuta N'kuvute* anafundisha jambo ambalo mwanafunzi wa dawati la mbele anaweza kuwa analikabili nyumbani.

Ni vivyo hivyo kwa mimba za shuleni. Hadi Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Visa vya wasichana waliopotea baada ya mimba vilikuwa vinasimulia sheria ya nchi.

Mapenzi ya watu wa rangi au dini tofauti ni jambo jipya?

Hata kidogo. Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani Heinrich Ruete, akaolewa naye Aden na kuishia Hamburg. Hayo yalitokea kweli, na kumbukumbu zake alizichapisha mwenyewe mwaka 1886. Katika riwaya, Abdulrazak Gurnah ameanza *Desertion* (2005) na Mwingereza Martin Pearce na Rehana kwenye pwani ya Kenya mwaka 1899, halafu akafuata madhara yake hadi kizazi cha wapenzi wengine Unguja. Kwa Yasmin na Denge, rudi kwenye jibu la *Vuta N'kuvute*.

Je, mapenzi ya jinsia moja yameingia kwenye filamu zetu?

Mfano unaojulikana zaidi ni *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, yenye chanzo katika hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, na bodi ya uainishaji wa filamu ikaipiga marufuku nchini. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ioneshwe kwa siku 7, na watu wakajaza kumbi za Nairobi.

Watu wanatofautiana sana juu ya filamu hii kwa imani zao, na ukurasa huu hautamaliza ubishi huo. Ila kwa somo letu kuna jambo moja la kuzingatia: mwongozaji alieleza kwamba aliombwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Hapo tunarudi kwa Rosa na Maimuna. Miaka karibu 50 baadaye, kinachogombaniwa bado ni kama msichana aliyependa aachwe na tumaini kwenye dakika ya mwisho.

Wanaume wamebadilika kwenye hadithi hizi?

Polepole kuliko wanawake. Mpenzi wa zamani alikuwa mshairi au mnyanyasaji. Denge ni wa aina nyingine, mwenye huruma, lakini siasa yake inatangulia, na Yasmin hupata kilichobaki. Stelingi wa Bongo Movie mara nyingi anapendwa na wawili bila kuonesha sababu ya kupendwa hata na mmoja. Mwanaume anayemsikiliza mwanamke ukurasa mzima bila kumkatiza bado ni adimu. Mwandishi kijana akiniuliza pengo liko wapi, namwelekeza hapo.

Mwanaume anayemfuatafuata mwanamke hadi akubali: bado ni mapenzi?

Filamu za Kihindi na za Nigeria zilituzoesha kuona ung'ang'anizi kama uthibitisho wa mapenzi, na kofi kama wivu mtamu. Mtu anaweza kuangalia kazi ya zamani akaipenda na bado akasema wazi kwamba tendo lile ni ukatili. Ninachokataa ni kazi mpya inayoandikwa leo na kumfanya binti atabasamu baada ya kupigwa.

Simulizi za WhatsApp na YouTube zihesabiwe kama fasihi?

Zihesabiwe. Mwandishi anatuma sehemu za mwanzo bure, anayetaka kuendelea analipia kwa simu, na wasomaji wanamjibu usiku uleule: huyu usimwue, yule mwachanishe na mumewe. Lugha huwa ya haraka, makosa ya tahajia ni mengi, lakini waandishi wengi humo ni wanawake, na wanaandika kuhusu talaka, kuolewa mara ya pili, mke mwenza, tendo la ndoa baada ya uzazi. Ni mambo ambayo riwaya zilizochapishwa zilipita juujuu. Umbo lake ni lilelile la "itaendelea", na lina shida zilezile zilizotajwa kwenye jibu la magazeti.

Nikitaka kuanza, nisome na kuangalia nini, na kwa mpangilio gani?

Anza na *Rosa Mistika*, ni fupi. Fuata *Utengano*, halafu *Vuta N'kuvute* kitabu, kisha filamu yake. Ukizisoma kwa mfululizo huo utaona mstari ukinyooka wenyewe. Katikati weka *Bobby* au filamu yoyote ya Kihindi ambayo mama yako anaikumbuka, na uiangalie pamoja naye, maana atakayokuambia wakati wa nyimbo hayamo kitabuni. Mwana Kupona unaweza kumsoma wakati wowote, ila tafuta toleo lenye maelezo, kwani Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kinampa taabu hata mzaliwa wa pwani.